Chama cha Wezi na Ufunguo Bubu: Mwongozo Kamili wa Kunyoosha Habari Zinazogongana Kwenye Gemu Yako

Waendesha michezo wanaoniandikia, yaani wanaosimulia gemu za mezani za dadu ambazo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, wanakwama palepale. Wana kikundi cha watu wanne watano, wanakutana Tabata, Sinza au Kigamboni, gemu imefika kikao cha kumi, na mchezaji mmoja anainua mkono: "Kaka, si ulisema huyu mkuu wa wezi alishakufa?" Kimya. Kuanzia hapo mwendesha mchezo anabahatisha, na kila anachobahatisha kinazaa mgongano mwingine.

Wengi wanajaribu dawa moja. Wanakesha wakiandika historia ya ulimwengu wao, kurasa arobaini, kuanzia miungu ilipoumba bahari. Haisaidii. Tatizo limejificha kwenye sentensi mbili tatu ulizozisema umechoka, saa nne usiku, mtu anaulizia bei ya kisu.

Na karibu kila mara ninapotumiwa kumbukumbu za gemu iliyovurugika, panapovuja ni pawili: chama cha wezi, na kifaa cha ajabu. Chama cha wezi kinaishi kwa siri, kwa hiyo kila anayekizungumzia ana toleo lake. Kifaa cha ajabu kinapita mkono kwa mkono, na kila aliyekishika anakisimulia anavyojua yeye. Wezi wakishaiba kifaa cha ajabu, umekwisha.

Mwongozo huu unafaa gemu za mezani za dadu, na unafaa vilevile kama wewe na wenzako mnatengeneza gemu ya kompyuta au simu. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Ukiiruka ya kwanza, ya tano haitakaa.

## Mahitaji

- Daftari moja la kaunta lenye jalada gumu. Lisiwe na kazi nyingine.
- Karatasi moja ya manila na mkasi. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja.
- Kalamu ya bluu, kalamu nyekundu, na penseli.
- Kumbukumbu zako zote: madaftari ya zamani, jumbe za kikundi cha WhatsApp, sauti ulizorekodi, picha za ramani.
- Mchezaji mmoja mwenye kumbukumbu kali, aliye tayari kukaa nawe saa moja.
- Jamvi au meza pana.
- Muda: kama saa tatu, zigawe kwa siku mbili.

Usianze kutafuta programu ya simu. Kioo cha simu kinakuonyesha jambo moja kwa wakati, na kazi hii inataka uone vipande kumi na tano vimelala kando kwa kando. Nyumbani kwangu naitandaza kazi sebuleni, naisogeza meza, na feni nailekezea ukutani ili isipeperushe vipande.

## Hatua ya 1: Kusanya kila ulichosema, bila kurekebisha chochote

Pitia kumbukumbu zako kuanzia kikao cha kwanza. Kila unapokuta habari kuhusu chama cha wezi au kifaa cha ajabu, iandike kwenye kipande chake cha manila. Habari moja, kipande kimoja. Pembeni andika namba ya kikao na nani alisema.

Kisha mwite yule mchezaji, umwombe akusomee alichoandika yeye. Hapa ndipo penye mali. Kwenye kikundi chetu yupo dada anayefanya kazi ya uhasibu, na daftari lake la gemu analitunza kama vitabu vya ofisini kwake. Jumamosi moja umeme ulikuwa umekatika, tumekaa barazani na taa ya kuchaji katikati ya meza. Alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma bila kupandisha sauti habari za Ufunguo Bubu, kifaa cha ajabu cha gemu yetu: "Kikao cha 3: Ufunguo Bubu unafungua kila kufuli. Kikao cha 5: nahodha anasema ulitoka kwa jini wa bahari. Kikao cha 9: tumeshindwa kufungua mlango wa ghala la forodha. Kikao cha 11: mwizi kautumia sokoni, na sisi tulikuwa nao mfukoni. Kikao cha 14: Bi Kiza anasema ulifuliwa na mhunzi wa hapahapa mjini." Kisha akaniangalia. "Kaka, tushike lipi?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima niliibeba orodha ile mfukoni, na mwongozo huu umetokana nayo. Nitaitumia kama mfano mpaka mwisho.

Onyo. Mkono utakuwasha urekebishe ukiwa bado unakusanya. Jizuie. Ukianza kurekebisha kikao cha 3 kabla hujafika cha 9, utabuni maelezo yatakayogongana na kitu ambacho hujakikumbuka bado. Usitupe hata kipande kinachoonekana cha kijinga.

Utajua imekaa pale mchezaji wako atakapolisoma rundo lote na kusema hana cha kuongeza. Kwa gemu ya vikao kumi na tano, vipande arobaini au hamsini ni kawaida kabisa.

## Hatua ya 2: Kila habari ipewe mwenyewe

Hatua hii ndiyo roho ya kazi. Habari mbili zikigongana, swali la kwanza ni nani kasema, kabla ya kuuliza ipi ni kweli. Waliopita madrasa wanaijua nidhamu hii: habari haipokelewi hivihivi, inakuja na mlolongo wa waliopokezana, na uzito wake unapimwa kwa mlolongo huo. Waendesha michezo wengi tunachanganya sauti zote kwenye kapu moja, halafu tunashangaa zinapigana.

Kwa kalamu nyekundu, weka herufi moja kwenye kila kipande:

T ni tendo. Limetokea mezani, wachezaji wamelifanya au wameliona kwa macho ya wahusika wao. Ufunguo uliingia kwenye kufuli la sanduku, kufuli likafunguka bila mlio.

S ni sauti yako kama msimulizi. "Mnaona jengo la mawe, lina madirisha matatu."

M ni maneno ya mhusika. Nahodha kasema, Bi Kiza kasema, mlevi wa bandarini kasema.

K ni ya kichwani mwako, au kwenye maandalizi yako, na haijawahi kutoka mdomoni.

Nguvu zinashuka kwa mpangilio huohuo. T haiguswi, maana wachezaji wamejenga juu yake. S unaweza kuifafanua, usiigeuze. M iko huru, watu wanakosea na watu wanadanganya. K haina haki yoyote, hata kama umeipenda miaka mitatu.

Hilo la mwisho ni gumu kumeza. Nilikuwa na kurasa nane kuhusu mwanzilishi wa chama changu cha wezi, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzisikia, na kila palipotokea mgongano nilikuwa nazitetea hizo. Nimeziacha zote. Kama mezani hakijafika, ulimwenguni hakijatokea.

Onyo. Kuna vipande utakavyoshindwa kujua kama ulisema wewe au mhusika wako. Viweke M. Ukiviweka S unajifunga bure.

Utajua imekaa pale utakaporudia orodha ya migongano yako na kukuta imepungua kabla hujarekebisha kitu. Kwenye orodha ya dada yetu, nahodha wa kikao cha 5 na Bi Kiza wa kikao cha 14 wote ni M. Watu wawili wana visa viwili kuhusu asili ya ufunguo mmoja. Huo si mgongano, ni maisha ya bandarini. Nimeuacha kama ulivyo, na sasa wachezaji wenyewe wanabishana nani mkweli.

## Hatua ya 3: Kiandikie chama chako katiba, kama ya kikoba

Waandishi wengi wanakipa chama cha wezi jina la kutisha, alama ya kuchora ukutani, na mkuu mwenye kovu. Basi. Halafu kila kikao chama kinafanya linalofaa siku hiyo: leo kinaua, kesho kinahurumia maskini.

Chukua mfano ulio karibu. Dar es Salaam hii, kama mama yako au shangazi yako hayumo kwenye kikoba, basi jirani yake yumo. Kikoba kina wanachama wanaohesabika, kina ada, kina faini ya kuchelewa, kina mweka hazina, na kina sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Mzunguko ukiisha, mgao. Watu wasioaminiana kabisa kwenye mambo mengine wanaweka fedha zao humo, kwa sababu sheria zinajulikana. Chama cha wezi kina shida hiyohiyo ya uaminifu, tena mara kumi. Kisipokuwa na sheria kitasambaratika wiki ya kwanza.

Fungua ukurasa mpya wa daftari, ujibu haya kwa sentensi moja moja:

1. Mji gani, na mwaka gani wa ulimwengu wako?
2. Wanachama wangapi, na wanakutania wapi?
3. Mtu anaingiaje, na anatokaje?
4. Ni nini kimekatazwa, na faini yake ni ipi?
5. Nani ananunua mali ya wizi?
6. Mgao unafanyikaje?
7. Kwa nini walinzi wa mji hawajakimaliza?

Usilidharau swali la kwanza. Kwenye mfululizo wa gemu za kompyuta wa The Elder Scrolls, chama cha wezi cha Oblivion ya 2006 kina sheria tatu: usimwibie mwanachama mwenzako, usiue ukiwa kazini, usiwaibie maskini. Ukivunja, unalipa faini. Ukija Skyrim ya 2011, chama cha wezi cha mji wa Riften kinaanza kukutuma ukawabane wafanyabiashara walipe madeni, na kimeporomoka hata chenyewe kinalalamika kuhusu bahati mbaya. Kuna wachezaji wanaoona huu ni uzembe wa waandishi. Mimi sioni hivyo. Ni majimbo mawili tofauti, na kati ya visa hivyo viwili imepita kama miaka mia mbili kwa kalenda ya ulimwengu ule. Chama kisichobadilika kwa karne mbili ndicho ambacho kingetaka maelezo. Andika mji na mwaka juu ya katiba, na nusu ya maswali yatajijibu.

Swali la pili ndilo lililonikamata mimi. Kikao cha 2 nilisema Chama cha Popo cha mji wa Sabahi kina watu mia tatu. Kikao cha 8 nikakikutanisha chote kwenye banda la fundi mashua, hatua kumi kwa sita. Mia tatu hawaenei humo hata wakibebana. Halafu Sabahi nilishasema ina watu elfu nne, maana yake kila watu kumi na watatu mmoja ni mwizi. Watamwibia nani?

Nilipoviangalia vipande, "mia tatu" ilikuwa M: aliitaja mfanyabiashara mwoga. Banda lilikuwa T. Kwa hiyo Popo ni ishirini na wanne, wanaoenea bandani, na zile mia tatu ni hesabu ya watu wote wanaolipa chama ili wasiibiwe, ambao mfanyabiashara yule aliwahesabu na wenyewe, na yeye akiwa mmoja wao. Habari zote mbili zimesimama, na nimepata jibu la swali la saba bure: walinzi hawakimalizi chama kwa sababu watu mia tatu wa mji ni wateja wake.

Kama wezi wako wana lugha ya siri, iwekee gharama humu humu kwenye katiba. Toleo la 5 la gemu ya mezani ya Dungeons & Dragons la 2014 lilifanya vizuri hapa: ujumbe wa mafumbo ya wezi unachukua muda mara nne ya kuusema wazi, na anauelewa yule tu aliyefundishwa. Kanuni fupi namna hiyo inakuzuia kuigeuza lugha ya siri kuwa simu ya mkononi.

Onyo. Katiba isizidi ukurasa mmoja. Ukifika wa pili umeanza tena ile historia ya kurasa arobaini.

Utajua imekaa pale mtu atakapokuuliza, "Mwizi wa Popo akikamatwa anaiba kwa mjane, inakuwaje?" na ukajibu bila kubuni.

## Hatua ya 4: Kila kifaa cha ajabu kiwe na kadi yake

Kifaa cha ajabu kinavuruga gemu kwa sababu tunaandika kinachoweza kufanya, tunaishia hapo. Kadi yangu ina mistari sita, na mstari wa pili ndio wenye thamani kuliko yote:

*Kinafanya nini.*
*Hakifanyi nini.*
*Kinamgharimu nini anayekitumia.*
*Kimepita mikono ya nani, kwa mpangilio, mpaka leo.*
*Nani anajua kuwa kipo.*
*Watu wanasema nini kukihusu.*

Angalia Skeleton Key ya The Elder Scrolls. Ndani ya Oblivion ni kifaa cha kufungulia kufuli kisichovunjika, unapewa kama tuzo. Ndani ya Skyrim kimekuwa mali iliyoibwa hekaluni kwa Nocturnal, mungu wa kike wa usiku wa ulimwengu ule, na kutokuwepo kwake mahali pake ndiko kumekipotezea chama bahati. Tena wanasema kinaweza kufungua hata vipaji vilivyofungika ndani ya mtu. Jina lilelile, uzito tofauti kabisa. Limewezekana bila kuvunja kitu kwa sababu tendo la msingi halikubadilika: bado kinafungua kufuli na bado hakivunjiki. Maana imeongezwa juu, msingi wa chini haujachimbwa. Na wewe fanya hivyo. Ongeza sababu, ongeza mmiliki, ongeza hofu, lakini lile walilokwisha kuliona kwa macho liache.

Mstari wa gharama usiuache wazi. Dungeons & Dragons toleo hilohilo la 5 inasema mhusika hawezi kufungamana na vitu vya ajabu zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Ni kikomo kidogo, ila kinamlazimisha mchezaji kuchagua, na anayechagua anakumbuka.

Kadi ya Ufunguo Bubu, nilivyoiandika usiku ule:

*Unafanya:* unafungua kufuli au kitasa chochote, bila mlio.
*Haufanyi:* haufungui komeo, gogo wala fundo la kamba. Panapokosekana tundu la ufunguo, ni chuma tu.
*Gharama:* kila unapoutumia, sauti yako inapotea mpaka alfajiri.
*Mikono:* nahodha, kisha mwizi wa Popo, kisha wachezaji kuanzia kikao cha 4.
*Wanaojua:* hao, Popo wenyewe, na Bi Kiza.
*Yanayosemwa:* jini wa bahari; mhunzi wa Sabahi.

Nilipofika mstari wa pili nilirudi kwenye daftari la dada mhasibu. Kikao cha 9, ule mlango wa ghala la forodha uliowashinda. Alikuwa ameandika kwa herufi ndogo pembeni: "mlinzi kaweka komeo kwa ndani." Nilisema mwenyewe siku ile, nikasahau. Ufunguo haukushindwa na kufuli, kufuli halikuwepo. Mgongano niliouogopa wiki nzima ulikuwa umejijibu kwenye pembe ya ukurasa wa mtu mwingine. Ndiyo maana nasisitiza umwite mchezaji.

Kisha kaa na katiba mkono mmoja, kadi mkono mwingine, na uulize swali ambalo watu hawaulizi: kifaa hiki kinakivunjaje chama hiki? Popo wana sanduku la kufuli tatu na watu watatu wa funguo, sawa na kikoba. Mwanachama mmoja akiwa na Ufunguo Bubu, kufuli tatu hazina maana, analifungua sanduku peke yake usiku. Haiwezekani chama kiwe kimekaa na ufunguo huo miaka na hakuna sheria juu yake. Nikaongeza mstari kwenye katiba: anayeshika Ufunguo Bubu haruhusiwi kujua sanduku linalala wapi, na kila asubuhi anaitwa aongee mbele ya wenzake. Akikosa sauti, anaeleza kwa maandishi jana aliutumia wapi.

Mstari huo mmoja umenipa vikao vitatu vya mchezo.

Onyo. Mstari wa mikono usiwe na pengo. "Ulipotea miaka kadhaa" ni mlango utakaopitisha migongano yote unayoifukuza. Kama hujui, andika jina la mtu mmoja tu na uendelee.

Utajua imekaa ukifanya jaribio la milango mitano. Chukua milango mitano, au masanduku, au hali yoyote iliyowahi kutokea, upitishe kadi. Ikikubaliana na matendo yote matano, ni sahihi. Ikikataa hata moja, rekebisha kadi. Tendo usiliguse.

## Hatua ya 5: Maliza migongano iliyobaki, mmoja mmoja

Ukifika hapa imebaki michache. Tandaza vipande viwili vinavyogongana, uchague dawa moja kati ya hizi.

Mtu alikosea. Alisikia vibaya, alihesabu vibaya. Dawa nyepesi, na ndiyo ninayoanza nayo. Inafaa M peke yake.

Mtu alidanganya. Hapa taratibu. Uongo unataka sababu na unataka faida. Kama huwezi kusema kwa sentensi moja alipata nini kwa kudanganya, rudi kwenye dawa ya kwanza. Mkuu wa wezi anayedanganya kila kitu anachosha haraka. Baada ya mara ya tatu wachezaji hawasikilizi tena neno lake lolote, na umepoteza mhusika.

Kitu kimebadilika. Kifaa kilikuwa na nguvu, sasa hakina. Lazima pawe na tukio lililokibadilisha, na lazima wachezaji waweze kuligundua.

Vitu ni viwili. Kuna cha kweli na cha bandia. Mara moja kwa gemu nzima, isizidi. Ukirudia, kila kitu watakachokishika watadhani ni bandia.

Futa. Unakiri kwamba ulikosea, unafuta, mnaendelea.

Hiyo ya mwisho watu wanaikwepa kama deni. Kikao cha 11 mwizi wangu aliutumia ufunguo sokoni huku uko mfukoni mwa mchezaji. Hiyo ilikuwa T kwa T, tendo dhidi ya tendo, na nilitamani sana kuweka bandia. Nilianza hata kuandika nani aliitengeneza. Kisha nikajiuliza: bandia hii itawapa wachezaji nini? Haikuwapa kitu. Ilikuwa inanisitiri mimi. Nikafuta. Jumamosi iliyofuata nikasema, "Kikao cha 11 nilikosea. Yule mwizi alitumia ufunguo malaya wa kawaida, siyo Ufunguo Bubu." Dada mhasibu akachora mstari mmoja kwenye daftari lake, akaandika tarehe pembeni, tukaendelea na mchezo kabla chipsi hazijapoa.

Pengine umesikia njia ya sita, kwamba yote ni kweli kwa pamoja. Daggerfall ya 1996, gemu ya mfululizo uleule wa The Elder Scrolls, ilikuwa na miisho kadhaa isiyoweza kuishi pamoja, na gemu zilizofuata hazikuchagua mmoja: zikasema wakati wenyewe ulivunjika, na yote yalitokea. Nawaheshimu kwa ujasiri ule. Walikuwa na maelfu ya wachezaji, kila mmoja na mwisho wake aliouchezea kwa haki, na wasingeweza kumwambia mtu kuwa wake haukutokea. Wewe una watu watano mezani ambao unaweza kuwaomba radhi. Usivunje wakati kwa sababu ya mfuko wa mtu mmoja.

Utajua imekaa pale kila jozi ya vipande itakapokuwa na neno moja la dawa limeandikwa nyuma kwa penseli, na hakuna jozi iliyoandikwa "nitaona".

## Hatua ya 6: Wasomee wachezaji

Dakika kumi na tano, mwanzoni mwa kikao. Soma ulichofuta na ulichofafanua, kwa yale tu ambayo wahusika wao wanayajua. Siri zako zibaki siri. Usijitetee na usieleze ulivyohangaika. Mchezaji akikukumbusha jambo ambalo hukuliandika, chukua kipande kipya palepale.

Kama mnatengeneza gemu ya kompyuta, wasomee wale wanaoandika mazungumzo ya wahusika kabla hamjarekodi sauti. Baada ya kurekodi, kila kosa lina bei.

## Hatua ya 7: Mistari mitano kabla ya kulala

Kila kikao kikiisha, andika mistari mitano, isizidi: kifaa kipi kimehama mkono, nani mpya katajwa, sheria gani ya chama imetumika, namba gani umeitamka, na jambo gani umelibuni papo hapo. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kwanza. Mimi hulisema kwenye simu kwa sauti nikiwa kituoni nasubiri mwendokasi, nikifika nyumbani nanakili kwenye daftari. Ukisema utaandika kesho, kesho utakumbuka vita, hutakumbuka komeo.

Na kama mgongano utajitokeza katikati ya mchezo, mkono umeinuliwa na wote wanakutazama, usibuni. Muulize aliyeinua mkono: "Nani alisema, na ilikuwa kikao gani?" Kama ni tendo, tendo linashika, mnaendelea. Kama ni maneno ya mhusika, mwambie mhusika wake akamuulize huyo aliyesema. Kama hakuna anayekumbuka, amua kwa sentensi moja, mtu aandike na namba ya kikao, dadu lirushwe.